Ufunguo na Thamani

Nilianzia barabara ya Iringa, pale kwenye banda la matofali,
simu mkononi, betri asilimia arobaini na moja,
nikaifuata njia ya miguu inayokatiza mizabibu ya Mpunguzi.
Upana: futi mbili. Udongo: mwekundu, wenye chenga.
Ukipita na mbuzi, mbuzi mbele.

Kanuni yetu ni fupi: andika unachokiona.
Si unachokitaka, si ulichoambiwa na mwenye kiwanja.
Kila kitu kina ufunguo wake na thamani yake:
uso wa njia, mchanga;
kizuizi, ua wa minyaa.
Mpaka hapo sikuwa na shida.

Shida ilikuwa lango.
Bati la bluu, nguzo mbili za zege zenye alama za mbao bado,
kibao: HAKUNA NJIA,
na chini ya kibao, njia.
Imechimbika kama ufa wa kisigino,
inaingia chini ya bati na kutokea upande wa pili
bila kujua kusoma.

Lazaro Chilewa, mlinzi, alikuwa anabangua karanga.
"Linafungwa?"
"Linafungwa."
"Watu wanapita?"
"Wanapita."
"Saa ngapi?"
"Kabla bosi hajaja. Na Jumatano zote, siku ya kliniki.
Na akifa mtu. Akifa mtu huwezi kumzungusha marehemu kwenye lami
kilomita nne, kama gunia la mkaa."

Nikafungua orodha ya thamani.
Ruhusa: ndiyo. Ruhusa: hapana. Ruhusa: binafsi.
Ruhusa: kwa hisani, yaani mwenyewe hajakataa, na kesho anaweza.
Nikatafuta moja ya kusema
mlinzi anamjua mama yako.
Haikuwepo.
Nikaandika: kwa hisani.

Siku tatu hazijaisha, mtu mwenye jina la tarakimu,
mbali huko, akitazama picha ya setilaiti,
aliona kivuli cha lango akaandika: binafsi.
Sikumlaumu. Kutoka angani
hisani haina kivuli.

Nikarudi Jumatano kupiga picha ya ushahidi.
Sechelela Malogo alikuwa anapita, mtoto mgongoni,
kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa sukari.
Alilisukuma lango kwa nyonga, kama mlango wa jikoni kwake.
"Unaandika nini?"
"Kwamba watu hupita hapa."
"Unaandika wapi?"
"Kwenye ramani. Kila mtu aione."
"Kila mtu. Na mwenye shamba?"

Nilikuwa na jibu, la semina,
lenye neno haki ndani yake mara mbili.
Likanikwama kama ugali wa uwele bila mlenda.
Maana ni kweli: njia hii imeishi kwa kutotajwa.
Na ni kweli pia: siku wakija wapimaji
na bikoni zao na karatasi yenye muhuri,
njia isiyotajwa itakuwa haijawahi kuwepo.

"Sisemi usiandike," akasema. "Nauliza tu:
nikikuta Lazaro kafukuzwa, nije kwako?"
Akapita. Lango likajirudi lenyewe
kwa mlio wa sufuria.

Usiku huu nimechora njia yote,
kutoka kwenye matofali mpaka zahanati,
futi mbili, mchanga. Lango nimeliweka mahali pake.
Ufunguo: ruhusa.
Thamani:
kijistari kinawaka na kuzima ndani ya kisanduku.
Betri asilimia sita.

Huko Mpunguzi ufunguo mwingine, wa shaba,
umefungwa kwa kamba ya kiatu
shingoni mwa kijana aliyelala.
Kesho Alhamisi. Si siku ya kliniki.
Lakini kwa akina Mbijima, wanasema,
mgonjwa hajala tangu juzi.